Mdomo Mkavu Kwenye Meza ya Kahawa

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimeamka tena ulimi ukiwa umeganda kwenye kaakaa. Wiki ya pili sasa — au ya tatu? Sikuandika ilipoanza. Mimi ambaye huandika kila kitu! Nimekunywa glasi mbili za maji kabla hata ya kuvaa viatu. Nusu saa baadaye, mdomo mkavu vilevile.

Naandika kwenye daftari kuukuu la kazini, lile lenye mistari ya alama za kahawa. Binti yangu Becky akiuliza nitamwambia ni mambo ya chama.

Haya, Wangeci, fanya unavyowaambia wanaojifunza kazi: anza na unachokijua. Najua kwamba tarehe kumi na nne Januari nilianza vidonge vya kolestro. Kimoja kila jioni. Daktari Mukonyo wa kliniki ya Ruiru aliniwekea karatasi ya damu mezani, akaelekeza kalamu kwenye namba moja, akanyamaza. Ndiyo tabia yake huyo mama, kunyamaza mpaka ujiogopeshe mwenyewe. Sikubishana. Ningebishana na nini? Kaka yangu Githinji alipewa namba kama hiyo, akasema ni magonjwa ya matajiri. Miezi minane baadaye stroke ikamkuta akipogoa kahawa yake kule Murera. Huu ni mwaka wa pili na upande wa kulia haujarudi. Mama yetu naye alienda hivyohivyo. Kwetu damu ina mafuta na vichwa ni vigumu.

Kwa hivyo nameza. Lakini mdomo! Mwalimu akikaukiwa atakunywa maji aendelee na somo. Mimi mdomo ndio jembe langu. Mwaka wa ishirini na sita huu naonja kahawa za wakulima kwenye kinu hapa Thika, na kwa miaka sita nimekuwa mwonjaji mkuu. Sijipaki marashi. Becky haruhusiwi kukaanga vitunguu asubuhi ya siku ya kazi. Pilipili naijua kwa jina tu. Nimeutunza ulimi huu kuliko nilivyomtunza marehemu mume wangu Chege, na mwenyewe alikuwa akiniambia hivyo akiwa hai.

Alhamisi, 6 Februari

Msimu umechacha. Kahawa iliyovunwa kuanzia Oktoba yote imetushukia kwa pamoja. Leo sampuli hamsini, kila moja bakuli tatu. Unamwagia maji moto, unangoja dakika nne, unavunja povu na kijiko pua ikiwa karibu kuzama, halafu unavuta kwa kelele ili kahawa itapakae mdomo mzima. Unatema. Unaandika. Unasogea.

Bakuli zina namba tu. Hatujui ni ya nani, na hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu. Ukishajua sampuli ni ya nani, huruhusiwi kuionja. Nilisaini hivyo mwaka wa kwanza, na nimeona watu wawili wakifukuzwa kwa kuvunja sheria hiyo.

Namba 218 imeniudhi. Calvince, msaidizi wangu, ameipa nne. Mimi nimeipa sita. Kwetu namba ndogo ndiyo nzuri: tatu ni sherehe, sita ni kahawa ya kuchanganywa na nyingine ipotee jina. Tukipishana hivyo, neno la mkuu ndilo linaloenda. Nimeandika kwenye ripoti kama ninavyoandikaga siku zote, kwa Kiingereza chetu cha mezani: harsh, drying finish. Kali, na mwishoni inakausha mdomo. Nimemtania Calvince mbele ya wote kwamba tangu mke wake ajifungue kila kitu kwake ni kitamu. Wamecheka. Naye amecheka.

Lakini hapa ni mimi na daftari tu, kwa hivyo niseme. Nilipotema, kilichotoka ni kahawa peke yake. Mate hayakuwepo.

Ijumaa, 7 Februari

Tumempata mwizi!

Becky alirudi kutoka shuleni kwake, akanikuta nikinyonya barafu kama mtoto. Akachukua pakiti ya vidonge, akakunjua ile karatasi ya ndani, ndefu kama shuka. Akapitia kuumwa misuli, tumbo, usingizi. Karibu na mwisho kabisa, kwenye yale yanayowapata wachache, akasimamisha kidole. Kinywa kukauka.

"Mum, ni hii! Imeandikwa hapa."

Nilifurahi kweli, nisijidanganye. Mtu akiibiwa kuku kisha aone manyoya mlangoni kwa jirani hangoji ushahidi mwingine.

Jioni hii sijameza. Karatasi hiyohiyo inasema usiache dawa kabla ya kumwuliza daktari. Mstari huo niliuona. Niliuruka.

Jumapili, 9 Februari

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Kipande cha mkate kikagoma. Kikakaa juu ya ulimi, si cha kumeza wala cha kutoa, nami nimeinama kama mtu aliyezama kwenye maombi. Mzee wa kanisa alipofika na vikombe nusura nimnyang'anye.

Siku mbili bila kidonge na bado. Damu si sinki, haiishi maji kwa kuvuta kizibo. Nitangoja.

Walipoombea wagonjwa wakataja jina la Githinji. Nikafikiria kile kidonge nilichokiacha kwenye kabati. Nikaacha kufikiria.

Jumatano, 12 Februari

Siku ya tano. Bado. Vumbi la maganda kinuni limezidi, kila mtu anapiga chafya. Nimemeza cha mafua asubuhi kama kawaida na pua ikafunguka. Sampuli arobaini na nane. Nimechoka.

Jumamosi, 15 Februari

Nimetoka Murera sasa hivi. Niandike polepole.

Nilienda kumwona Githinji. Wifi yangu Beth alikuwa amepika mukimo wake wa viazi na mahindi, na mukimo bila mate ni simenti. Nikasingizia tumbo, nikanywa supu vikombe vitatu. Githinji alikuwa barazani ameelekea shamba lake, leso mkononi. Mate yanamtoka upande ule uliolegea, hayazuiliki. Tulikaa pale ndugu wawili, mmoja anafuta mate na mwingine anayatafuta. Ningecheka kama si uchungu.

Beth akanieleza msimu wao. Tangu ugonjwa umfanye ashike shamba peke yake hajawahi kuona kahawa kama ya mwaka huu. Alichuma nyekundu tupu. Jioni anamwaga kwenye meza, na Githinji anachagua. Mkono wa kushoto, punje moja moja. Ya kijani huku, iliyotobolewa na wadudu kule. Ndiyo kazi pekee iliyobaki naye, na aliifanya msimu mzima. Wakaupeleka mzigo kwa ushirika wao, Mutaro, ule mdogo uliogawanyika juzi juzi, wanachama hamsini na watatu. Wote walikubaliana kuchuma hivyo. Walisema mwaka huu Mutaro itajulikana.

Halafu ripoti ikaja. Katibu aliisoma kwenye mkutano Alhamisi. Beth alikuwa ameipiga picha na simu, akanipa niisome maana Kiingereza hakikumwelea.

Class six. Harsh, drying finish.

Hakuna mtu mwingine kinuni anayeandika maneno hayo. Calvince huandika "rough". Ni maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Na juu yake namba ya sampuli, 218.

Beth alikuwa bado anaongea. Kwamba majirani wawili wamesema basi, wanang'oa wauze ploti, nani atahangaika na kahawa ya class six. Kwamba mmoja ndiye anayepakana nao, atajenga gorofa, na Githinji atakuwa anaangalia ukuta. Akaniambia: "Si wewe uko huko ndani, Mama Becky. Hata kama huwezi kubadilisha, tuulizie tu tulikosea wapi."

Nikamwambia sheria hainiruhusu. Ni kweli. Nikaongeza kwamba waonjaji nao ni watu. Hiyo pia ni kweli, lakini nilivyoisema ilikuwa uoga.

Githinji akageuka kutoka shambani. Maneno humchukua muda, unaona yanavyopanda. Akaniangalia.

"Nilichagua vizuri, Wangeci."

Basi. Hivyo tu. Niliaga mapema.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nimekaa na kikombe cha maji na akili yangu.

Kwanza. Inawezekana 218 ni mbaya kweli. Kahawa inaweza kuchumwa vizuri ikaharibikia kwenye kukausha. Inawezekana.

Pili. Inawezekana kahawa haikuwa kavu, mimi ndiye niliyekuwa mkavu. Kwamba nilivuta kijiko, nikahisi ukavu wangu mwenyewe, nikawaandikia watu hamsini na watatu. Kosa kama hilo mwashi hawezi kulifanya, wala karani. Linangoja mwonjaji mzee mwenye kiburi.

Calvince aliipa nne.

Tatu, na hapa ndipo ninapokwama. Dawa yake ni rahisi, ionjwe tena. Lakini sasa najua ni ya nani, siruhusiwi kuigusa. Na nikienda kwa Nzioka, meneja wetu wa ubora, nikamwambia 218 nilikosea, atauliza nimejuaje. Mwonjaji aliyekaa miaka yote hiyo bila kurudia neno lake, siku ya kwanza analirudia kwa kahawa ya kaka yake! Mimi nikiwa Nzioka nisingemwamini huyo mama. Ningemwandikia barua.

Nikinyamaza, orodha ya mnada inafungwa Ijumaa tarehe ishirini na nane saa sita mchana. 218 itauzwa na maneno yangu mgongoni. Na ule mkono wa kushoto, msimu ujao, nani ataushawishi tena kuchagua?

Kesho nina miadi Ruiru. Tuanzie kwenye mdomo.

Jumatatu, 17 Februari

Mukonyo aliuliza naendeleaje na dawa. Nikasema niliacha, siku kumi sasa, kwa sababu imenikausha mdomo. Akanyamaza ile namna yake. Nikatazama picha ya moyo ukutani.

"Na tangu uache, mdomo umerudi?"

Haujarudi. Sikuwa nimejiuliza swali hilo, naapa. Nilikuwa nimeshamfunga mwizi, sikuangalia kama kuku bado wanapotea.

Hakunigombeza. Akasema kuna watu wachache wanaomeza dawa hizi na kulalamika mdomo, hawezi kukataa, lakini kama siku kumi bila dawa hazijabadilisha chochote, tutafute kwingine. Akanitoboa kidole, sukari iko sawa. Akauliza nameza nini kingine. Hakuna, nikasema. Hakuna kabisa? Ya kichwa? Ya kununua tu dukani?

"Ya mafua tu. Ya vumbi."

"Tangu lini?"

Tangu tarehe sita Januari, kinu kilipofunguliwa baada ya Krismasi. Kila asubuhi. Sikuihesabu kuwa dawa, naimeza kama peremende! Akaweka kalamu chini. Hizo za chafya, akasema, kukausha mdomo ni jambo linalojulikana kabisa. Kisha akaniambia kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali: "Mama, uliacha ile ya kukulinda, ukashika ile ya pua."

Mganga hajigangi, lakini mimi nimejaribu mpaka nikajikosea.

Nikamwomba aniambie basi ni ipi. Hii au ile. Akasema hajui. Inaweza kuwa ya pua, inaweza kuwa zote mbili zikisaidiana, inaweza kuwa hili joto na vumbi, au umri. Tutabadilisha moja moja. Ya kolestro nianze tena leo jioni bila mchezo, ya pua niache, nioshe pua na maji ya chumvi na nivae barakoa kinuni. Nirudi baada ya wiki tatu. Huenda tukajua, huenda tusijue.

Nimekuwa nikilifikiria hilo neno njia nzima. Sijui. Mwanamke amesoma miaka yote hiyo na anaweza kulisema bila kuona haya. Mimi fomu yangu haina mstari wa sijui. Ina namba moja hadi kumi.

Nimemeza cha kolestro. Nimemeza na maji mengi.

Alhamisi, 20 Februari

Tangu Jumanne nimemwambia Nzioka nina homa, Calvince aongoze meza. Ni nusu ya ukweli. Pua inatiririka na macho yamevimba, bila ile dawa. Mwonjaji bila mate ni hasara, na bila pua ni hasara ya pili. Nachagua niumie wapi.

Leo jioni nilimwomba Becky anipangie vikombe vitatu. Viwili kahawa ileile, kimoja tofauti. Ni jaribio la siku ya kwanza, tunalowapa wanaoomba kazi. Anayeshindwa tunamshukuru tu na kumpa soda.

Nilionja. Nikarudia. Nikaonyesha cha katikati.

Becky akatazama karatasi yake, akasema: "Tujaribu tena, Mum."

Mara ya pili nikakosa. Ya tatu nikapata, lakini nilibahatisha, na yeye alijua.

Nimelia. Nililia pale jikoni mbele ya mtoto wangu, nikiwa na kijiko mkononi. Niliogopa kufa nikaenda kumeza dawa, na sasa naogopa kitu kingine ambacho hata sina jina lake. Kama siwezi kuonja mimi ni nani? Mama Becky. Mjane wa mtaa wa Ngoingwa mwenye kuku sita. Hakuna ubaya, wengi ni hivyo na wanaishi. Lakini sikuwa nimejiandaa.

Becky akanywa vile vikombe vitatu, kimoja kimoja, akasema vyote ni vitamu. Hajui lolote kuhusu kahawa huyu.

Jumanne, 25 Februari

Leo asubuhi nimekula biskuti bila chai na ikashuka. Biskuti nzima! Siku nane bila ya pua, siku nane na ya kolestro. Sisherehekei. Jana ilinyesha kidogo, vumbi limelala, huenda ni hilo. Lakini ilishuka.

Mchana nikamkuta Calvince akiosha vijiko peke yake. Nikamuuliza bila kuzunguka, anaikumbuka 218? Hakuniuliza kwa nini. Akakausha mikono kwanza.

"Hiyo ilikuwa tamu, madam. Kama zambarau. Nilirudia mara tatu juu sikuamini."

Hakukuwa na ukavu? Akatikisa kichwa. Nikamuuliza mbona hakubishana siku ile. Mtu mzima na watoto wawili, ulimi mzuri, kwa nini alicheka tu. Akaangalia vijiko.

"Wewe ndio ulinifunza hii kazi. Nikajua ni ulimi yangu imekosea."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya ghala. Miaka minne nimemfundisha kuonja, na kumbe nilikuwa nikimfundisha pia kutojiamini. Nilidhani heshima anayonipa ni sifa yangu. Inaniudhi sana, na hasira hiyo ni yangu kwangu.

Siku tatu zimebaki.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeandika barua kwa Nzioka nikaichana. Nikaandika nyingine nikaichana. Kila nikiisoma inasikika kama ombi la mtu anayempendelea ndugu yake. Bora mdomo, hata huu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi mengine yananiumbua kabla ya kifo.

Ijumaa, 28 Februari

Niko kwenye benchi, chumba cha kubadilishia. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Sijawahi kuandika humu nikiwa kazini, lakini nisipoandika sasa nitaanza kujisimulia vingine.

Niliingia kwa Nzioka saa mbili unusu. Nilianza na vidonge, nikaenda kwenye mdomo, nikafika 218, na Githinji nikamweka mwisho. Nikasikia mwenyewe nilivyoyapanga. Yaani hata kwenye kukiri nilikuwa nimemficha kaka nyuma ya mlango! Nikasimama, nikamwambia ngoja, nianze upya. Nikaanza na Githinji. Kwamba ni kahawa yake, kwamba nimejua tarehe kumi na tano, kwamba sijaigusa tangu nijue. Halafu yale mengine.

Nzioka ni mtu wa kusikiliza akiwa anapanga karatasi. Safari hii aliziacha. Akaitisha fomu ya Calvince ya siku ile, akaona nne. Akaangalia yangu, akaona sita. Akauliza ya mafua nilianza lini, ya kolestro lini, akaandika. Akauliza kama bado naendelea na ya kolestro. Nikasema ndiyo, na nitaendelea. Sijui kwa nini nilisema kwa sauti kubwa vile.

Akasema ataionja 218 yeye na Calvince, sasa hivi, mimi nikiwa nje. Wakiiona ni nne itabadilishwa kabla ya saa sita, na Mutaro watapata ripoti mpya yenye sahihi yake. Kuhusu kaka yangu ataandika memo ndogo iingie kwenye faili. Atasema nilijitokeza mwenyewe.

Nilifurahi. Nikashukuru. Nikashika mlango.

Akauliza nyuma yangu, bila kuinua kichwa: "Ni hii moja tu, si ndio?"

Nimefanya kazi na Nzioka miaka tisa. Najua sauti yake ya kuuliza na najua sauti yake ya kumfungulia mtu njia. Ile ilikuwa ya pili. Nilihitaji kusema ndiyo tu. Ndiyo, hii moja. Githinji amepata haki yake, Beth ataona class four, jirani asing'oe. Mimi nimebakisha miaka miwili, nistaafu na keki na saa ya ukutani.

Nikasema aniazime faili la fomu zote tangu Januari.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akaniambia nifikirie ninachokiomba. Nyingine zimeshapita mnadani. Wanunuzi wakisikia mwonjaji mkuu wa kinu alikuwa hana ladha, hawatauliza ni wiki gani, watauliza ni miaka mingapi. Kila ushirika utakaopata namba mbaya mpaka mwisho wa dunia utasema ni yule mama. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananihesabia, na hesabu yake ilikuwa sawa.

"Niandikie namba moja tu, mama. Moja naweza kuitetea."

Faili liko magotini. Najua la kufanya, ni kazi ya karani tu. Kila mahali Calvince aliandika nzuri na mimi nikashusha, naandika namba ya sampuli. Sipimi, sikumbuki, sichagui. Naandika tu.

Shida ilikuwa nianze tarehe ngapi. Kama ni ya kolestro, mdomo wangu ulianza kudanganya baada ya tarehe kumi na nne. Kama ni ya pua, baada ya tarehe sita. Mukonyo mwenyewe hajui, na alisema huenda tusijue kamwe. Kuanzia kumi na nne orodha inakuwa fupi, na ningeweza kujitetea mbele ya yeyote kwamba karatasi ya dawa imeandika.

Nimeanza na sita.

Nimepita moja ambayo naikumbuka. Sijui ni ya nani, lakini naikumbuka bakuli, tarehe tisa, nilisema ina ukavu kidogo nikaishusha daraja moja bila kufikiri, nikasogea. Mahali fulani kuna mtu aliyeichagua hiyo pia. Sitamjua, na yeye hatajua kumlaumu nani.

Kupitia ukutani nawasikia wakivuta vijiko, Nzioka na Calvince. Bado wako kwenye 218. Wameirudia mara mbili tayari. Nilitaka kusikiliza wanasema nini, kisha nikaona nimeacha kuandika, nikarudi kwenye faili.

Saa nne na dakika arobaini. Mlango wa maabara umefunguka. Nzioka amechungulia hapa, ana tabasamu, kwa hivyo ni nne. Githinji amepata nne! Amenyoosha mkono apokee karatasi.

Nimemwambia bado.

Ameangalia karatasi iliyo magotini mwangu na tabasamu limeondoka. Hajaenda, amesimama tu mlangoni. Anataka namba moja. Nimeshaandika namba kumi na saba, na bado niko Januari.